Mtaro wa Kibugu

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Nilifika Kibugu jana jioni, na mvua ikafika pamoja nami. Mama alianguka jikoni mwezi uliopita. Nyonga haikuvunjika, ila sasa anatembea kwa mkongojo na hawezi kubeba hata sufuria. Kaka yangu Ngari alinipigia simu Kiirua ninakoishi, akazungumza kama mtu aliyekwisha kushinda kesi: "Mwalimu, si umestaafu? Kuja ukae na mama yako." Watu wa kwetu wanadhani mwalimu akistaafu huwekwa kabatini mpaka atakapohitajika. Nimemwachia binti yangu Kendi kuku na funguo za nyumba, nikaja. Nitakaa hadi mvua za vuli ziishe.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilikifundisha miaka mingi na mkono umekizoea. Mama anazungumza Kiembu peke yake, kwa hiyo kila neno lake litakaloingia humu nimelihamisha mimi.

Nyumba yake iko mwisho kabisa wa shamba, huko juu ambako chai inakoma na msitu wa Mlima Kenya unaanza. Katikati ya chai na msitu kuna mtaro. Kina Mama waliuchimba kwa amri ya Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau, wanawake wa vijiji vyote vya kando ya mlima, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Walichimba kwa majembe yao wenyewe, wakasimika humo ndani mianzi iliyochongwa ncha, na aliyechelewa alichapwa. Nyasi zimeuvaa sasa, lakini mtu mzima akisimama ndani yake bado haonekani kutoka nyumbani. Mtoto wa kwanza wa Mama alifia pale. Sisi tuliozaliwa baadaye tunajua hilo tu. Jina lake hatukuambiwa.


Jumatano, 11 Oktoba

Mvua. Nimepika githeri, mahindi na maharagwe, Mama amekula vijiko vichache akasema meno yamechoka. Hana meno.


Jumamosi, 14 Oktoba

Ngari amenipeleka kuona hasara. Ana miaka sitini na minne na bado anatembea shambani kwa hasira, kama anayekwenda kumkamata mtu. Maji ya msituni yanajaa mtaroni, yakizidi yanavunja ukingo na kuteremka kwenye chai. Mistari ya juu imeng'olewa na mizizi iko hewani. Redio inasema mwaka huu ni El Niño, kwa hiyo hata hatujaanza. Ngari anataka kuufukia mtaro wote unaopita kwetu, aelekeze maji kwenye mfereji wa kando, kisha apande miche ambayo tayari imeshakua kitaluni.

"Ongea na Mama," akaniambia. "Wewe ndiye alisomesha. Mimi nikifungua mdomo ananiangalia tu."

Mama ana sharti moja, na tumelijua tangu utotoni. Mtaro hautafukiwa mpaka walioamuru uchimbwe waseme kwa vinywa vyao walichofanya. Baba yetu, Njiru, aliyetoka kizuizini Manyani na mgongo uliopinda, alijaribu kumsihi hadi akafa. Naona mimi pia nimetumwa kuhamisha mlima, lakini nimeahidi.


Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeongea naye. Nilianza kwa mbali, kama mposaji, nikasifu chai, nikalaani mvua. Mama akaniacha nizunguke mpaka nikachoka, kisha akaniuliza kama namkumbuka Gikunda wa ng'ambo ya kijito.

Namkumbuka. Mwaka jana mbuzi wake waliingia kwenye mahindi ya Mama. Gikunda ni mlevi, lakini asubuhi alikuja akiwa amenawa uso, akasimama uani mbele ya wazee wawili, akataja. Alisema, "Mbuzi wangu waliingia kwako, wakala mstari wa kwanza na wa pili, na mimi nilikuwa nimelala." Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Mkosaji halindwi na neno "nisamehe" peke yake, maana hilo hata mwizi hulisema akikamatwa. Anataja kosa lenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya aliyekosewa. Akishataja, aliyekosewa naye ana lake la kufanya: hana ruhusa ya kukataa. Anajibu, wanakula pamoja, na jambo hilo haliinuliwi tena.

"Gikunda aliweza," Mama akasema. "Sasa unaniambia watu wenye ndege na meli hawawezi?"

Nilimkumbusha kuwa miaka kumi iliyopita Waingereza waliwalipa wengine, wale walioonekana kuwa na makovu, na wakasema huko bungeni kwao kwamba wanajuta. Akaniuliza kama walitaja mtaro. Nikasema hapana. Akarudi kuchambua maharagwe yake.


Ijumaa, 20 Oktoba

Mashujaa Dei. Hotuba ndefu redioni. Hakuna aliyewataja wanawake wa mtaro, na kusema kweli sikutarajia. Serikali yetu wenyewe ilipopata bendera iliwaambia wasahau yaliyopita wafanye kazi. Kazi wamefanya.


Jumanne, 24 Oktoba

Leo nyumba imegeuka. Kituo cha redio cha Kiembu kimetangaza kwamba Mfalme wa Uingereza anakuja Kenya mwisho wa mwezi, na kwamba atazungumzia mambo ya zamani. Mama alikuwa anakunywa uji. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Anakuja kusema," akasema.

Nilimwambia wakubwa wanakuja kwa sababu nyingi, kuna biashara, kuna miti, kuna majeshi. Alinisikiliza kwa adabu kama mgeni. Kisha akaomba nimfulie kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha kanisani, na jioni akala githeri yote akaongeza.


Alhamisi, 26 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Mama ameuliza: "Wamesema?" Nikamwambia mgeni bado hajafika.


Ijumaa, 27 Oktoba

"Wamesema?" Bado, Mama.


Jumapili, 29 Oktoba

Hatukwenda kanisani, barabara ni matope matupu. Mama amenieleza habari za mtoto. Ameishi na mimi duniani miaka sitini na moja na hajawahi kunieleza.

Alikuwa msichana, bado ananyonya. Baba alikuwa Manyani. Filimbi ikilia asubuhi wanawake wote walitoka kijijini kwenda kuchimba, na watoto wachanga waliwekwa ukingoni chini ya mti, wakilindwa na kikongwe mmoja. Ilikuwa mvua kama hizi. Mtoto alikuwa na kikohozi tangu juzi yake. Mama alimsikia akilia, akaomba ruhusa atoke kwenye mstari akamnyonyeshe, akakataliwa mpaka amalize kipimo chake. Aliomba tena. Mlinzi, Mwembu mwenzetu, alimtazama Mzungu kijana aliyesimama na mwavuli, na yule Mzungu akatikisa kichwa. Mama akachimba. Kilio kikapungua, akadhani amelala. Alipomaliza akapanda ukingoni, akamkuta.

Hawakumruhusu kumpeleka nyumbani. Udongo uliokuwa ukirushwa kutoka mtaroni ulikuwa pale pale, na ndio uliomfunika. Kesho yake filimbi ililia akaenda kuchimba.

"Ule mwavuli," akaniambia, "ndio niliuchukia kuliko fimbo."

Nilimuuliza jina la mtoto. Akasema jina analo, na atalitaja siku wao watakapotaja lao. Nililia mbele yake, jambo ambalo sikulifanya hata kwenye maziko ya Baba. Yeye hakulia. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, maana yule kijana wa mwavuli huenda alizeeka vizuri, akafuga maua.


Jumanne, 31 Oktoba

Mgeni amefika Nairobi. Mama amevaa kitambaa cheupe tangu asubuhi na hataki kukivua.


Jumatano, 1 Novemba

Niandike haya yote kabla sijaanza kujidanganya.

Hotuba ilitolewa jana jioni kwenye karamu ya Ikulu, na leo alfajiri nikaisikia redioni Mama akiwa bado amelala. Mfalme alisema makosa ya zamani yanamtia huzuni kubwa mno na majuto mazito. Alisema yalitendeka matendo ya ukatili dhidi ya Wakenya na hayana udhuru. Nikangoja. Nilikuwa nimeshika redio sikioni kama msichana anayesikiliza salamu. Msamaha hakuomba. Mchambuzi mmoja akaeleza kuwa neno hilo haliwezi kusemwa bila serikali yake kukubali, na serikali inaogopa kesi. Mtaro haukutajwa. Wala mtoto, wala mwavuli.

Nilikaa jikoni nikitafuta maneno. Nilifikiri nimwambie amesikitika, na kwamba mfalme kusikitika si jambo dogo. Halafu nikaona jinsi Mama atakavyoniuliza: ametaja? Bado nilikuwa natafuta Ngari alipoingia na matope hadi magotini, hakunisalimu, akapita moja kwa moja chumbani kwa Mama. Nikamfuata.

"Mama," akasema, "wamesema."

Mama akaketi kitandani. Kitambaa kilikuwa kimemponyoka upande mmoja. Akauliza nani amesema. Ngari akajibu ni Mfalme mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya Rais. Mama akauliza amesema nini. Hapo ningeweza kukohoa. Ngari akasema ameomba msamaha.

"Ametaja?"

"Ametaja. Ametaja kambi, ametaja viboko. Ametaja mtaro."

"Upi?"

"Huu wetu. Wa Kibugu."

Mama hakumwangalia Ngari tena. Aliniangalia mimi. Anajua Ngari anautaka mtaro, na anajua mimi ndiye niliyesahihisha uongo wa watoto wa watu maisha yangu yote. "Mwalimu," akasema, "ndivyo?"

Nilimwona alivyo mdogo pale kitandani, mifupa na shuka. Nikasema, "Ndivyo, Mama."

Akalia, kilio cha chini kisicho na haraka, cha mtu ambaye hatimaye amekabidhiwa alichokuwa akidai. Tukasimama pale kama wezi wawili. Alipomaliza akajifuta kwa kitambaa.

"Basi na mimi ni zamu yangu," akasema. "Wametaja, nami nataja. Aliitwa Igoki."

Igoki ni mimi.

Ndivyo tunavyopeana majina, binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba. Nimetembea na jina la bibi yangu miaka sitini na moja nikidhani nilikuwa wa kwanza kulipokea. Mama alilitoa mtaroni akanipa, kwa sababu nyumba ya mumewe haikuweza kukaa bila mtu wa jina hilo. Kila aliponiita nirudi nyumbani jioni alikuwa anatuita wote wawili, na mimi nikijibu kwa kiburi kutoka kwenye michezo.

"Waambie vijana wafukie," akamwambia Ngari. "Nimewasamehe."


Alhamisi, 2 Novemba

Nimemfuata Ngari kwenye kitalu na kumwambia yote niliyojua ya matusi, ambayo kwa mwalimu si haba. Nilimwambia ameuza dada yetu wa mtaroni kwa miche ya chai. Alinisikiliza akiwa amechuchumaa, mikono ikining'inia.

"Umemaliza?" akauliza. "Wewe ulikuwa Kiirua. Mimi nimekuwa hapa. Kila mvua ikinyesha anatoka kwenda kukaa pale kwa ukingo, usiku, mchana, hajali. Unadhani alianguka jikoni? Nilimtoa kwa mtaro, Mwalimu. Alikuwa amelala kwa matope. Nilisema ni jikoni, juu sikutaka watu waongee."

Sikujua hilo. Nikamuuliza kama ni kwa ajili ya Mama basi, si kwa ajili ya chai. Akasema ni yote mawili, na kwamba mimi pia nilisema ndivyo na sikuwa na chai yoyote ya kupanda.


Ijumaa, 3 Novemba

Wameanza kufukia. Mama anatazama dirishani, ametulia. Amelala mchana kama mtoto.


Jumapili, 5 Novemba

Mama amesimama kanisani. Barabara bado mbaya lakini alisisitiza, Ngari akamkodia pikapu ya kubebea majani ya chai. Wakati wa shuhuda aliinuka na mkongojo wake na kitambaa cheupe, akasema kwamba Mfalme wa Wazungu ametaja mtaro wetu kwa kinywa chake, na kwamba yeye Wambeti, kwa niaba ya wenzake walio chini ya ardhi, amesamehe.

Kanisa zima lilikuwa limesikiliza redio. Hakuna asiyejua. Nilisikia mabati yakigongwa na mvua na watu wakijikunja kwenye viti. Mke wa Ngari, Winrose, akainama akijifanya anatafuta kiatu. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, na Mchungaji Muthamia akasema amina. Alisema amina mara tatu, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia. Nje aliniambia Mungu anaelewa. Nikamwambia natumaini hivyo, maana mimi sielewi.

Jioni Mama aliimba akichambua maharagwe. Sijawahi kumsikia akiimba.


Jumatano, 8 Novemba

Mvua imevunja daraja dogo la chini. Majani hayafiki kiwandani. Ngari ananyamaza sana.


Jumatatu, 13 Novemba

Serikali imetangaza sikukuu ya kupanda miti. Ngari amepanda chai juu ya mtaro, pale walipofukia, chini ya mti ule. Mama alimwomba aache nafasi ya hatua moja penye mtoto, akamwonyesha kwa mkongojo. Ngari alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa. Nilimwona akivua kofia.


Alhamisi, 16 Novemba

Ruguru amekuja. Ndiye pekee aliyebaki kati ya wale waliochimba pamoja na Mama. Anaishi mgongo wa pili wa mlima na daraja lilikuwa limemzuia. Ni mwembamba kama ufito na sauti yake ni ya kufukuza ndege. Nilimkaribisha, nikamletea chai, nikajua kwa uso wake alichokuja nacho. Nilimwomba kwa macho. Akanitazama kama kitu kilichomwagika.

"Wambeti," akasema, "nimesikia umesimama kanisani. Nani alikuambia wametaja mtaro?"

Mama akasema wanawe.

"Mimi nimemfanya mjukuu anisomee maneno yale hadi akachoka. Hakuna mtaro. Wanasema wana huzuni. Hata mimi nina huzuni, na sikumchapa mtu."

Mama aligeuka akaniangalia, kama alivyoniangalia siku ile kitandani. Safari hii hakuuliza.

Ruguru alikaa hadi alasiri, yeye na Mama wameshikana mikono. Alipoondoka aliniambia mlangoni kwamba anajua tulitaka mema. Akasema Mzungu wa mwavuli naye aliwaambia wanawekwa kijijini kwa usalama wao.


Ijumaa, 17 Novemba

Mama hali chakula changu. Hali cha Winrose pia. Anakunywa maji anayojichotea mwenyewe, kikombe kimoja kimoja, kwa mkongojo.


Jumamosi, 18 Novemba

Vivyo hivyo. Nimekaa naye. Nilijaribu kuanza, akainua kiganja.


Jumapili, 19 Novemba

Aliongea mara moja. Alisema haumizwi na uongo, uongo ameuzoea. Anaumizwa na kwamba alilitaja jina. Alilihifadhi miaka yote hii ili alitoe mara moja, mahali pake, na sasa limetoka bure. "Halirudi mdomoni," akasema.

Sisi tulimfanyia jambo ambalo hata wao hawakuweza.


Jumanne, 21 Novemba

Mvua. Amekunywa uji wa Ruguru, ulioletwa ndani ya chupa. Ni afadhali.


Alhamisi, 23 Novemba

Nilipoamka leo mvua ilikuwa inanyesha ile nzito inayoshuka wima, na nilisikia jembe. Nilitazama dirishani nikamwona Ngari yuko juu penye mti, peke yake, anachimba. Amekwisha kung'oa miche yote na kuipanga kando chini ya gunia. Alikuwa anaufukua mtaro.

Nilitoka bila mwavuli. Nilimkuta amefika magotini, udongo mpya umelainika ukawa uji, kila anachotoa nusu yake kinarudi. Nikamwambia ataugua, ana ugonjwa wa moyo, awaite vijana. Hakuacha. Alisema vijana hawakudanganya mtu.

Nilikuwa sijajua nifanye nini nilipoona kitambaa cheupe kikipanda katikati ya chai. Mama alikuwa anakuja. Alikuwa anakuja peke yake na mkongojo, katika matope yale, anasimama, anapumua, anakuja tena. Nilikimbia kumshika, akakubali mkono wangu. Ni mara ya kwanza tangu siku aliyokuja Ruguru. Tulipofika ukingoni akasimama akamtazama mwanawe akiinama na kuinuka na jembe, matope hadi kiunoni, mvua ikimpiga mgongoni. Nikahisi vidole vyake vikiukaza mkono wangu. Nikaelewa kwa kuchelewa alikuwa anaona nini.

"Toka humo," akasema.

Ngari akasema anarudisha jinsi ilivyokuwa.

"Ngari. Weka jembe. Hakuna mtoto wangu atakayechimba mtaro huu tena. Weka."

Akaliweka. Alibaki amesimama mle ndani, ametazama juu kwetu, mzee wa mvi anayehema, na nadhani hakukusudia kufanya lolote ila maneno yalimtoka yenyewe. "Mama, nilikudanganya. Mfalme hakutaja mtaro. Hakuomba msamaha. Nilijua, nikakuambia ametaja, juu nilitaka kufukia hapa nipande chai, na juu nilichoka kukutoa kwa matope. Nikakufanya useme jina ya mtoto."

Mama akageuza uso kwangu. Mvua ilikuwa inamtiririka puani.

"Uliniuliza kama ndivyo," nikasema, "nikasema ndivyo. Nilikuwa nimesikia redio kwa masikio yangu. Sikuwa na chai. Niliogopa tu kukuona ukingoja tena."

Hapo ningetoa chochote anyamaze kwa muda mrefu, ili nisilisikie jibu. Hakunyamaza. Alisema amesikia, na kwamba tumetaja. Alisema tutakula pamoja leo, Winrose apike, na jambo hili lisiinuliwe tena. Kisha akainama na kumnyooshea Ngari mkono ili atoke, mkono ule usioweza kubeba sufuria, na Ngari akaushika kwa vidole viwili akajisukuma mwenyewe kwa goti.

Tulikuwa watatu pale ukingoni tumelowa kabisa. Mtaro ulikuwa nusu umefukiwa na nusu wazi, na pale chini ya mti hatua moja ilikuwa haijaguswa. Mama aliitazama. Nilidhani ataomba. Badala yake aligeuka akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetaka kweli kujua.

"Mmeona nyinyi? Hata mvua haijakatika, na mmeshasema wote wawili. Igoki, wewe uliyesoma vitabu vyao, niambie. Wao inawashinda nini?"

Tukamshika, mmoja huku na mmoja huku, tukateremka naye polepole hadi nyumbani.